Uzi: Je, kufunga koki ya gesi au mafuta kumewahi kurudisha mpaka mahali pake?

#1 Mwalimu wa Mwanga (mleta mada)
Wakuu, salaam.

Juzi nikiwa darasani na kidato cha sita, hapahapa Kigoma mjini, mwanafunzi mmoja alinyoosha mkono akauliza swali ambalo kengele ililikuta bado liko ubaoni: "Mwalimu, Urusi ilikuwa imeshika koki ya gesi ya Ulaya. Mbona ilipoifunga, Ulaya haikuiachia Ukraine?" Nilijibu kwa kifupi, nikaahidi kulirudia Jumatatu, na tangu hapo sijaridhika na jibu langu mwenyewe.

Nianze na ninachokifahamu. Mwaka 2010, kwa makubaliano ya Kharkiv, Ukraine iliiongezea Urusi muda wa kuweka manowari zake Sevastopol, katika rasi ya Crimea, hadi 2042, nayo ikapunguziwa bei ya gesi kwa hadi dola 100 kwa kila mita za ujazo 1,000. Desemba 2013, baada ya Rais Yanukovych kuukataa mkataba na Umoja wa Ulaya, Urusi iliongeza punguzo la pili na bei ikashuka hadi dola 268.5. Machi 2014 Urusi ikaitwaa Crimea. Aprili punguzo la Desemba likafutwa, bei ikapanda hadi 385.5, siku chache baadaye likafutwa na lile la Sevastopol, kwa hoja kwamba hakuna anayelipa pango la nyumba ambayo sasa anaiita yake, na bei ikafika 485.5. Juni 16 mwaka huohuo gesi ya kuiuzia Ukraine ikafungwa kabisa.

Kwa hiyo bei ya gesi na kipande cha ardhi vilikuwa vimeandikwa kwenye karatasi moja, jambo ambalo ni nadra kuonekana waziwazi kiasi hicho. Hata hivyo Ukraine haikusalimu amri. Naomba mnisaidie: silaha hii imefanya kazi lini, na pale iliposhindwa, ilishindwa kwa sababu gani? Wanafunzi wangu watausoma uzi huu, kwa hiyo tuchangie kwa hoja.

#2 Mhasibu wa Tabora
Mwalimu, mada nzito na ya wakati wake.

Mimi natazama daftari la mauzo kwanza. Anayefunga koki anafunga na duka lake mwenyewe. Tazama Sudan Kusini: Januari 2012 ilisimamisha uzalishaji wa mapipa kama 350,000 kwa siku kwa sababu ya ugomvi na Sudan kuhusu tozo ya kupitisha mafuta, na nyuma ya tozo hiyo kulikuwa na mgogoro wa mpaka na wa eneo la Abyei. Aprili majeshi yake yaliingia Heglig, penye visima vya mafuta, kisha yakaondoka mwezi huohuo. Serikali ya Juba ilikuwa ikipata takribani asilimia 98 ya mapato yake kutokana na mafuta. Fikirini maana ya hiyo namba: ni kama mtu mwenye duka moja na mteja mmoja, akaamua kumkomoa mteja kwa kukaa na njaa. Mafuta yalianza kutoka tena Aprili 2013, na Abyei haijaamuliwa hadi leo.

Hilo ndilo jibu langu: muuzaji huwahi kuchoka kabla ya mnunuzi.

#3 Kijana wa Kibirizi
Habari zenu. Mimi nauza mafuta ya boti kwa madumu hapa Kibirizi, na naona Mhasibu ameruka jambo moja, nalo ni akiba na majira.

Mvuvi wa dagaa akija na dumu tupu saa kumi na mbili jioni, taa ziko tayari mtumboni na wenzake wameshaanza kuondoka, hukubali bei yoyote nitakayomtajia, tena hushika dumu mwenyewe na kunihimiza nichanganye oili upesi. Mvuvi huyohuyo akiwa na madumu mawili nyumbani, ananiuliza bei, anatabasamu, anaendelea na safari yake. Na siku za mbalamwezi hawaingii ziwani kabisa, kwa kuwa taa hazivuti dagaa. Siku hizo hata nikifunga kwa wiki nzima hakuna atakayeshtuka. Mafuta ni yaleyale na bei ni ileile, lakini nguvu yangu juu ya mteja hupanda na kushuka kwa mwezi.

Ndiyo maana Urusi ilipofunga gesi Januari 2008, katikati ya baridi, Ulaya ilitetemeka. Ikifungwa Juni, nani atahangaika?

#4 Mwanasheria wa Isevya
Kaka wa Kibirizi, mfano wako wa mbalamwezi nimeupenda, ila tarehe tuirekebishe kwa faida ya wanafunzi. Gesi ilifungwa Januari 1, 2006 kwa siku chache, kisha Januari 2009, ambapo kuanzia tarehe 7 hadi 20 haikupita kabisa kwenda Ulaya kupitia Ukraine, na nchi kama Bulgaria na Slovakia ziliumia sana. Mwaka 2008 si wenyewe. Tena ugomvi wa miaka hiyo miwili ulikuwa wa bei na madeni, si wa ardhi.

Nina maelezo tofauti na yenu nyote wawili. Silaha hii karibu kila mara huvaa koti la biashara. Mwaka 2014 ilisemwa ni deni na malipo ya kabla. Aprili 27, 2022 Poland na Bulgaria zilikatiwa kwa kukataa kulipa kwa rubo, fedha ya Urusi. Juni mwaka huo bomba la Nord Stream, lililopeleka gesi ya Urusi Ujerumani, likashushwa hadi asilimia 40 ya uwezo wake, Julai hadi asilimia 20, na sababu iliyotolewa ni mtambo uliokuwa matengenezoni; mwanzoni mwa Septemba likasimama kabisa. Sasa, mtu anayetishia lazima tishio lake lieleweke. Ukisema "nimekukatia kwa sababu ya mtambo", huwezi papo hapo kusema "nitakufungulia ukiniachia mkoa fulani". Koti la biashara linakulinda mahakamani, lakini linakunyima sauti ya kudai unachokitaka.

#5 Mhasibu wa Tabora
Mwanasheria, hapo sikubaliani nawe. Ulaya nzima ilielewa kilichokuwa kikidaiwa, koti au bila koti. Mwaka 2021 gesi iliyoingia Umoja wa Ulaya kutoka nje, zaidi ya asilimia 40 ilitoka Urusi; mwaka 2023 ilikuwa imebaki kama asilimia 15. Mteja wa namna hiyo ukishampoteza, humrudishi kwa punguzo.

#6 Manyovu Mpakani
Wakuu, hatuna haja ya kwenda hadi Ukraine. Sisi wa Kigoma tumeishi jambo hili. Burundi iliwekewa vikwazo vya mafuta na majirani, sisi tukiwemo, baada ya mapinduzi ya 1993. Wenye umri watueleze matokeo yake.

#7 Bibi wa Ujiji
Mjukuu wangu wa Manyovu, ni 1996. Mwaka 1993 ndipo alipouawa Rais Ndadaye. Buyoya alichukua nchi Julai 25, 1996, na mwisho wa mwezi huohuo viongozi wa ukanda wetu walikutana Arusha wakaamua vikwazo, mafuta yakiwemo. Vilisimamishwa Januari 1999.

Wakati huo nilikuwa nauza dagaa wakavu, na mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa akibeba mizigo bandarini. Mizigo ya Bujumbura iliposimama, alikaa barazani siku nzima, na mwanamume aliyezoea kubeba magunia akikaa barazani mwezi mzima, nyumba nzima huumwa. Mafuta hayakuacha kwenda. Yalikwenda usiku kwa mitumbwi, madumu yakiwa yamelazwa chini na magunia ya dagaa juu yake. Nilijua kwa pua yangu, maana kuna wiki dagaa niliowanunua ufukweni walinukia petroli, na mteja wangu mmoja alinirudishia fungu zima akidhani nimewahifadhi kwenye stoo ya mafuta. Niliwamwaga.

Waliopata faida ni wenye mitumbwi yenye injini. Walioumia ni mama wa Bujumbura aliyenunua chumvi na sabuni kwa bei ya lori lisilo na dizeli, na sisi wa upande huu tuliokuwa tukimlisha na kulishwa naye. Hata hivyo sitasema kwamba vikwazo vilikuwa bure kabisa, kwa sababu Juni 1998 pande nyingi za Burundi zilikaa mezani Arusha chini ya Mwalimu Nyerere, na wapo wasemao kwamba zisingekuja bila kubanwa. Mimi sijui kulipima hilo. Ninachokijua ni harufu ya wale dagaa.

#8 Mwalimu wa Mwanga
Shikamoo Bibi, na asante sana. Hilo nitawasomea darasani neno kwa neno ukiniruhusu. Ila kwa ajili ya swali letu niseme kwamba vikwazo vya 1996 vilihusu nani atawale, havikuhusu ardhi ya nani. Nadhani tofauti hiyo ni kubwa. Mtu anaweza kuachia kiti kwa ajili ya petroli, lakini ardhi iliyokwisha kuchorwa kwenye vitabu vya shule za msingi ni vigumu kuiachia hata kwa ghala zima la mafuta. Kuna anayejua mfano wa ardhi hapa kwetu Afrika Mashariki?

#9 Mzee wa Reli
Upo, Mwalimu, na unapingana na hicho ulichokisema. Februari 1976 Idi Amin alidai kwamba sehemu kubwa ya magharibi mwa Kenya ni ya Uganda. Mzee Kenyatta akajibu kwamba hata inchi moja haitatoka. Mafuta ya Uganda yalipitia Mombasa na kupanda kwa reli na barabara. Julai mwaka huohuo, baada ya makomando wa Israeli kuokoa mateka katika uwanja wa ndege wa Entebbe, Uganda, Kenya iliyazuia na kudai ilipwe madeni. Uganda ikakauka. Amin, aliyekuwa akitishia kwa redio kila jioni, alilegeza sauti, na Agosti pande mbili zikatia saini makubaliano Nairobi. Madai yale ya ardhi yakazimika.

Mimi wakati ule nilikuwa kijana wa karakana hapa Tabora, na tulilizungumza jambo hili kila tulipokunywa chai, kwa kuwa kila mfanyakazi wa reli alielewa maana ya behewa la mafuta kusimama stesheni.

Angalieni lakini: Kenya haikuwa na kisima hata kimoja. Ilikuwa na njia. Kwa maoni yangu, mwenye njia ana nguvu kuliko mwenye kisima.

#10 Mhasibu wa Tabora
Mzee wangu, heshima kwako, lakini Amin huyohuyo mwaka 1978 alivamia Kagera na kutangaza kuwa ni yake. Kama koki ilimfundisha, somo lilidumu miaka miwili tu, na aliyemtoa Kagera ni mwanajeshi wetu.

#11 Mzee wa Reli
Kijana, hakurudi Kenya. Alikuja kwetu, ambako mafuta yake hayakupita.

#12 Manyovu Mpakani
Mzee ameifunga hoja ya Mhasibu kwa komeo.

#13 Fundi Umeme wa Kasulu
Haijafungwa bado, ila tuiache hapo kidogo, maana kuna upande ambao hakuna aliyeugusa. Katika mgogoro wa Crimea, aliyenyang'anywa naye alikuwa ameshika koki.

Crimea ilipotwaliwa, sehemu kubwa ya umeme wake iliendelea kutoka Ukraine bara kwa nyaya za msongo mkubwa, na maji yake mengi yalitoka mto Dnipro kwa mfereji. Mfereji ulifungwa 2014. Novemba 2015 minara ya umeme katika mkoa wa Kherson ililipuliwa na watu waliopinga kuiuzia Crimea umeme, na rasi nzima ikaingia gizani. Matokeo yake yakawa yapi? Urusi iliharakisha nyaya za kupita chini ya mlango wa bahari wa Kerch, na Desemba 2015 umeme wa kwanza ukapita. Crimea ikafungwa zaidi upande wa Urusi kwa nyaya zilezile.

Ninaielewa hali ya wale watu. Kabla gridi ya taifa haijafika kwetu, umeme wa Kasulu ulikuwa ni dizeli iliyoletwa kwa lori. Masika lori likinasa kwenye tope, mji ulilala gizani, na mwenye mashine ya kusaga alikaa mlangoni akihesabu debe za mahindi yaliyomsubiri. Katika hali ile hukumbuki aliyeanza ugomvi. Unamshukuru anayekuletea umeme kwanza, hata kama ndiye aliyekukosesha ule wa zamani.

#14 Mama Mitungi
Nimewasoma wote. Mimi nauza gesi ya mitungi, na nataka kuligusa swali la pili ambalo Mwalimu hakuliuliza: je, rafiki wa mbali anaweza kukuokoa kwa kukuuzia ya kwake?

Machi 2014, wiki Crimea ilipokuwa inachukuliwa, mabalozi wa Poland, Hungary, Czech na Slovakia waliliandikia Bunge la Marekani wakiomba gesi ya Marekani iruhusiwe kuuzwa kwao kwa urahisi. Wanasiasa wengi Washington wakaishika hoja hiyo kama fimbo ya kumpigia Urusi. Fimbo yenyewe haikuwepo. Gesi asilia haipandi meli kama mahindi. Lazima ipoozwe hadi nyuzijoto 162 chini ya sifuri ili igeuke kimiminika na kupungua ujazo mara 600, na mitambo ya kazi hiyo hujengwa kwa miaka. Shehena ya kwanza kutoka Sabine Pass, Louisiana, iliondoka Februari 2016, tena ilikwenda Brazil, kwa sababu meli ya gesi hufuata mwenye bei nzuri.

Lakini 2022 mambo yalikuwa tofauti. Meli zilikuwepo, na Ujerumani, ambayo haikuwa na kituo hata kimoja cha kupokelea, ilifungua cha kwanza Wilhelmshaven Desemba mwaka huo. Kwa hiyo mimi naona siri ni namna bidhaa inavyosafiri. Mtungi wangu ukikosa mteja Mwanga, naupakia bodaboda hadi Gungu. Bomba likikosa mteja, linakaa ardhini na gharama zake.

(Na wateja wangu mliomo humu, gesi ya mitungi si hiyo ya Lindi. Naulizwa kila siku. Hii ya mitungi tunaagiza nje.)

#15 Kijana wa Nzega
Mama Mitungi na Mzee wa Reli mmenigusa, kwa kuwa bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, kilomita 1,443, linapita kwetu, na kiwanda cha kuyavika mabomba yake kinga ya joto kilijengwa Sojo, wilayani Nzega. Mafuta ya Uganda ni mazito yenye nta. Yasipopashwa moto njia nzima yataganda kama mawese ya Kigoma asubuhi ya baridi. Mwaka 2016 Uganda iliichagua Tanga ikaiacha njia ya Kenya.

Kwa maelezo ya Mzee, basi sisi sasa ndio wenye njia. Je, ni nguvu au ni dhamana?

#16 Mzee wa Reli
Ni vyote viwili, na Watanzania tuna mfano wake. Rhodesia, Zimbabwe ya leo, ilipojitangazia uhuru Novemba 1965, mafuta ya Zambia yalikuwa yakipita kwake, na Desemba ikayakata. Zambia ilipelekewa mafuta kwa ndege na kwa malori kutoka Dar es Salaam. Kaka yangu mkubwa alikuwa utingo kwenye malori hayo. Alituletea habari za barabara ya Tunduma wakati wa mvua, mapipa yakibingirishwa kwa mikono kuvuka madaraja yaliyozama, na alama ya ukingo wa pipa ilibaki begani mwake hadi anazeeka. Mwaka 1968 bomba la mafuta la Tazama lilikamilika, kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, Zambia. Rhodesia ilikuwa na koki ikaitumia mara moja, na baada ya hapo haikuwa nayo tena.

#17 Mwanasheria wa Isevya
Mzee, kisheria ule haukuwa mgogoro wa mpaka, lakini hoja yako naipokea.

Naomba niweke jambo la kututisha kidogo, kwa sababu tunazungumza kana kwamba koki ikishindwa hasara ni fedha tu. Julai 1941 Japani iliingia kusini mwa Indochina. Marekani, iliyokuwa ikiiuzia takribani asilimia 80 ya mafuta yake, ilizuia mali zake tarehe 26 mwezi huo, na mafuta yakakoma. Japani ilikuwa na akiba ya muda mfupi, ikapiga hesabu kwamba kila wiki inayopita inaidhoofisha, na Desemba 7 ikashambulia Pearl Harbor, kituo cha manowari za Marekani, huku ikielekea visima vya Indonesia ya leo. Koki ilifanya kazi barabara, iliuma kweli. Na kwa kuwa iliuma, aliyeumwa hakurudi nyuma, alikwenda mbele.

#18 Manyovu Mpakani
Na 1973 je? OPEC, ule umoja wa nchi zinazouza mafuta, ilifunga mafuta na dunia nzima ikapiga magoti.

#19 Mhasibu wa Tabora
Si OPEC, ndugu yangu. Ni nchi za Kiarabu zinazouza mafuta. Iran na Venezuela zilimo OPEC na ziliendelea kuuza. Tangazo lilitoka Kuwait, Oktoba 17, 1973, lengo likiwa Israeli iondoke kwenye ardhi iliyoitwaa 1967. Bei ilipanda kutoka kama dola 3 hadi karibu 12 kwa pipa, na Machi 1974 marufuku dhidi ya Marekani ikaondolewa. Sinai ilirudi Misri, lakini kwa mkataba wa 1979, na sehemu kubwa ya Golan haikurudi Syria.

Aliyepiga magoti ni sisi. Tanzania ilikuwa imevunja uhusiano na Israeli mwezi huohuo wa Oktoba, kwa hiyo hatukuwa maadui wa mtu, lakini bei ilitupata palepale mwaka wa ukame na wa kuagiza chakula. Marehemu baba alikuwa na trekta Urambo, shamba la tumbaku. Lilisimama chini ya mwembe hadi kuku wakatagia kwenye kiti.

#20 Mwalimu wa Mwanga
Wakuu, nimepata zaidi ya nilichokuja kukitafuta, na jibu moja sina bado. Kabla sijaandaa somo, kuna aliyefuatilia Algeria na Morocco? Pale kuna Sahara Magharibi, ardhi ambayo Morocco inasema ni yake na Algeria inapinga, na kuna bomba.

#21 Fundi Umeme wa Kasulu
Nililifuatilia. Agosti 2021 Algeria ilivunja uhusiano na Morocco, na Oktoba 31 ikaacha kupitisha gesi kwenye bomba linalokwenda Hispania kupitia Morocco, ambayo ilikuwa ikichukua humo gesi ya mitambo yake ya umeme. Machi 2022 Hispania ikaunga mkono mpango wa Morocco kuhusu Sahara Magharibi. Algeria ikakasirika, Juni ikasimamisha mkataba wa urafiki na Hispania, lakini gesi ya Hispania haikuifunga. Iliendelea kupita kwenye bomba la chini ya bahari.

#22 Mama Mitungi
Na Morocco wanapata wapi sasa?

#23 Fundi Umeme wa Kasulu
Hispania. Wananunua gesi ya meli, inashushwa Hispania, kisha tangu Juni 2022 inasukumwa kwenda Morocco kwa bomba lilelile lililofungwa, ila inapita kinyumenyume.

#24 Mwalimu wa Mwanga
Jumatatu nitaanza somo na hilo bomba. Asanteni, na Bibi wa Ujiji, bado nasubiri ruhusa yako.

#25 Bibi wa Ujiji
Wasomee, mwanangu. Ila usiseme nilikuwa najua kilichokuwa chini ya magunia kabla sijanunua.